UZI: Mawe ya figo yanarudi, kalsiamu 2.81, PTH 71. Ni tezi za parathiroidi, ni dawa ya presha, au ni chokaa ya tambuu?

#1 Msaidizi_Langoni
Salaam wakuu. Naleta karatasi za mama wa miaka 54, mkaazi wa Lamu mjini, kwa idhini yake, jina nimeliacha. Ametoa vijiwe vya figo mara mbili. Mapaja na mgongo vinamuuma, kiu haimwachi, choo kigumu, usiku huamka kukojoa. Sukari imepimwa, iko sawa. Vipimo vingine ni hivi:

Kalsiamu ya jumla 2.81 mmol/L (kawaida ya maabara 2.15 hadi 2.55)
Albumini 36 g/L
Fosfeti 0.74 mmol/L (0.8 hadi 1.5)
Kreatinini 96 µmol/L
PTH, yaani homoni ya tezi za parathiroidi, 71 pg/mL (15 hadi 65)
Vitamini D 14 ng/mL

Uzito kilo 62. Anameza hidroklorothiazaidi 25 mg ya presha kila asubuhi, zaidi ya mwaka sasa. Tambuu anakula kutwa tangu usichana. Kiungulia kikimshika hutafuna vidonge vya kalsiamu kaboneti.

Dai langu: hizi ni tezi za parathiroidi, na mawe ni matokeo tu. Kuna wanaoniambia ni maji ya kisima. Leteni hoja.

#2 Kipungani_Pwani
Mimi nasimama na maji. Visima vya huku vinachota maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe. Chemsha birika moja juma zima uone ukoko mweupe unavyoganda chini. Ukoko huo ni kalsiamu. Mtu anayanywa miaka hamsini, akitoa mawe utashangaa nini?

#3 Mfamasia_Malindi
@Kipungani_Pwani ukoko ni kweli, ila hesabu haikubali. Chukua maji magumu hasa, yenye mg 100 za kalsiamu kwa lita. Lita mbili kwa siku ni mg 200. Glasi ya maziwa ya ml 250 peke yake ina karibu mg 300. Utumbo ukipokea zaidi, PTH inashuka, vitamini D iliyo hai inapungua, na ziada inatoka chooni na mkojoni. Maji hayawezi kuipandisha kalsiamu ya damu hadi hapo na PTH nayo ikabaki juu.

Ukitaka sababu ya mazingira, tafuta jasho. Wanaoshinda kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni hupoteza maji mchana kutwa, mkojo unakuwa mchache na mzito, na mawe huota kwenye mkojo mzito. Ongeza na chumvi ya chakula: kila mg 2300 za sodiamu inayopita kwenye figo huburuta kiasi cha mg 40 za kalsiamu kwenda mkojoni. Anayekula ngonda kila siku anajaza mkojo kalsiamu hata kama damu yake iko sawa.

Na tafadhali msimwambie mama huyu aache maziwa. Kalsiamu ya chakula hushika oksaleti ya mchicha, kiungo kingine cha mawe, huko huko tumboni, zikatoka pamoja. Anayekata maziwa kwa kuogopa mawe huongeza oksaleti kwenye mkojo wake.

#4 Dkt_Mkomani
Tuanze na namba yenyewe. Albumini, protini inayobeba sehemu ya kalsiamu ya damu, iko chini ya 40, kwa hiyo 2.81 si kalsiamu yake halisi. Kwa kila gramu moja iliyopungua chini ya 40, ongeza 0.02. Hapa zimepungua 4, tunaongeza 0.08, tunapata 2.89. Hiyo ni 0.34 juu ya mpaka.

Sasa utaratibu. Tezi hizi kwa kawaida ni nne, ziko nyuma ya tezi la thairoidi, kila moja kama punje ya mchele, mg 30 hadi 50. Kalsiamu ya damu ikishuka kidogo tu, zinamwaga PTH ndani ya dakika chache. PTH inafanya mambo matatu: inatoa kalsiamu kwenye mifupa, inaiambia figo izuie kalsiamu na itoe fosfeti, na inaiwasha vitamini D ndani ya figo ili utumbo unyonye zaidi. Kalsiamu ikipanda, tezi zenye afya hunyamaza.

Kwa hiyo usiangalie tu kama PTH imevuka 65. Kwa kalsiamu ya 2.89 PTH ilipaswa kuwa chini kabisa, karibu na sakafu. Hata ingekuwa 45, ambayo maabara ingeiandika "kawaida", bado ingekuwa kubwa mno kwa kalsiamu hiyo. Watu wengi hupotelea hapo, karatasi inarudi bila nyota na mgonjwa anaambiwa hana kitu. Fosfeti ya 0.74 nayo inaunga mkono.

Mtu akiwa na picha hii, kiasi cha 85 kati ya 100 huwa ni adenoma moja, yaani tezi moja imevimba bila saratani. Waliobaki wengi ni tezi zote nne kukua, na wachache wana adenoma mbili. Saratani ya tezi yenyewe haifiki 1 kati ya 100. Wanawake hupata mara tatu zaidi ya wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma.

#5 Ukwaju_Shela
Daktari, mbona umeipita tambuu? Chokaa ya tambuu ni hidroksidi ya kalsiamu, na zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni kalsiamu tupu. Mtu anayepaka jani kutwa, gramu mbili za kalsiamu kwa siku si ajabu, tena chokaa hiyo huongeza alkali, yaani kinyume cha asidi, mwilini. Juu yake anatafuna vidonge vya kiungulia, ambavyo vile vile ni kalsiamu na vinapunguza asidi. Kuna ugonjwa unaojulikana wa kalsiamu na alkali: kalsiamu juu, damu inakuwa ya alkali, figo zinachoka. Umeelezwa kwa watafunaji wa popoo na chokaa huko Asia. Na dawa yake ya presha inaifanya figo izuie kalsiamu. Vitatu kwa pamoja, mnatafuta tezi ya nini?

#6 Dkt_Mkomani
@Ukwaju_Shela hoja nzito, na tambuu inastahili kuulizwa kwa kila mgonjwa wa Mombasa hadi Pate mwenye kalsiamu ya juu. Lakini kalsiamu inayotoka nje huzinyamazisha tezi. Katika ugonjwa unaousema PTH huwa imezimwa. Hapa PTH 71. Tambuu inaweza kuwa inaongeza, haiwezi kuwa chanzo peke yake. Pimeni baikaboneti, yaani alkali ya damu: ikivuka 30 nitaipa tambuu nafasi kubwa zaidi.

#7 Ukwaju_Shela
Na vitamini D ya 14, je? Upungufu huo nao si unapandisha PTH? Basi PTH imepandishwa na upungufu, kalsiamu imepandishwa na chokaa na dawa. Sababu mbili tofauti mtu mmoja.

#8 FundiMaabara
Kabla hamjaoana au kuachana, ulizeni damu ilichukuliwaje. Kalsiamu na PTH haziingii chupa moja.

PTH: chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA. Humo homoni inakaa vizuri saa 24 hata nje ya friji, na saa 72 kwenye nyuzi 4 ikishatenganishwa. Kwenye chupa nyekundu inaanza kuharibika mapema, hivyo seramu inataka kutenganishwa haraka na kugandishwa.

Kalsiamu: nyekundu au njano, kamwe si zambarau. EDTA hushika kalsiamu yote. Ukijaza zambarau kwanza halafu ukamimina kidogo kwenye nyekundu kwa sababu damu haikutosha, karatasi itasoma kalsiamu ya chini sana na potasiamu ya kutisha, na mtu ataanza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Jaza nyekundu kwanza.

Mpira wa mkono usizidi dakika moja, na asikunje ngumi. Mpira ukikaa, maji ya damu yanapenya nje, albumini inajikusanya na kalsiamu ya jumla inapanda ya uongo.

Kwa sampuli za Lamu: tenganisha plazima hapa hapa kisiwani, weka kwenye kisanduku cha baridi, barafu isiguse chupa, ndipo ipande boti ya Mokowe na basi la Mombasa. Damu nzima iliyorukaruka njia nzima kwenye joto hupasua chembe.

La mwisho, muulizeni kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vina biotini, mara nyingi mg 5 au 10, na kwa mashine nyingi biotini huifanya PTH isomeke chini kuliko ilivyo. Aache siku mbili tatu kabla ya kipimo.

#9 Mfamasia_Malindi
Vidonge vya nywele sikuvifikiria. Ahsante, Fundi.

Kuhusu #7: upungufu wa vitamini D hupandisha PTH kwa sababu kalsiamu inataka kushuka. Ikiwa kuna kitu kingine kinaipandisha kalsiamu, tezi zenye afya hazina sababu ya kufanya kazi, vitamini D iwe 14 au 40. Kipokezi cha tezi kinasoma kalsiamu kwanza. Hapo siafikiani nawe.

Kwa dawa ya presha naafikiana kidogo. Thiazaidi mara nyingi haileti kalsiamu ya 2.89 kwa mtu mzima wa afya. Humfichua mwenye tezi iliyokwisha kuharibika. Atolewe kwenye hidroklorothiazaidi, apewe amlodipini 5 mg ambayo haigusi kalsiamu, asubiri angalau wiki mbili, nne ni bora, kisha damu irudiwe. Asiiache bila badala, presha yake itapaa.

#10 Mkufunzi_Uuguzi
Mmesahau ugonjwa wa kurithi unaofanana na huu kabisa. Kipokezi cha kalsiamu kwenye tezi na figo kimezaliwa kizito kusikia. Kalsiamu iko juu maisha yote, PTH ya kawaida au juu kidogo, na mtu hana shida yoyote. Operesheni haimsaidii kitu, kalsiamu inarudi pale pale. Wapo waliokatwa shingo bure kwa sababu hakuna aliyepima mkojo wa saa 24.

Kwa pwani yetu hili lina uzito wake, maana ndoa za binamu zipo. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa huu, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuurithi, na ataishi salama. Baba na mama wote wakiwa nao, mtoto anaweza kupata nakala mbili, akazaliwa na kalsiamu ya hatari, mwili mlegevu, mifupa laini inayovunjika, kifua kinashindwa kupumua. Huyo anahitaji hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo @Msaidizi_Langoni, wapime kalsiamu ndugu na watoto wa mama huyu.

Mkojo wa saa 24 unakusanywa hivi, maana nusu ya ndoo zinazokuja ni batili: asubuhi ya kwanza akojoe chooni, aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, hata la usiku, hata anapokwenda haja kubwa, basi mkojo utangulie. Kesho yake saa ile ile akojoe mara ya mwisho ndani ya chombo. Kiwe cha lita 3 au zaidi, kikae mahali pa baridi. Maabara ikitia asidi ndani asiimwage wala asiiguse.

#11 Msaidizi_Langoni
Mkojo ulikwishapimwa, nilikuwa natafuta karatasi. Jumla lita 1.9. Kalsiamu ya mkojo 2.1 mmol/L, kreatinini ya mkojo 5.0 mmol/L. Ulikusanywa akiwa bado anameza thiazaidi.

#12 Kijana_Watamu
Nimepiga uwiano wa kalsiamu na kreatinini, mkojo kwa damu: (2.1 × 96) ÷ (2.81 × 5.0) = 14.3. Mpaka ni 0.01. Imepita mara elfu, basi si ya kurithi. Tumemaliza.

#13 FundiMaabara
@Kijana_Watamu polepole, yakhe. Kreatinini ya damu iko kwa mikromoli, ya mkojo iko kwa milimoli. 5.0 mmol ni 5000 µmol. Rudia: 201.6 ÷ 14,050 = 0.014. Chini ya 0.01 inaelekea ugonjwa wa kurithi, juu ya 0.02 inaelekea tezi. Yeye yuko katikati, pale pale pasiposema kitu.

Ukusanyaji wenyewe unaonekana mzuri. Kreatinini kwa siku ni 1.9 × 5.0 = 9.5 mmol, na mwanamke wa kilo 62 hutarajiwa kutoa baina ya 8 na 11. Ingekuwa 5 ningesema ndoo ilimwagika.

#14 Dkt_Mkomani
Hiyo 0.014 siipi uzito. Thiazaidi hupunguza kalsiamu ya mkojo, na upungufu wa vitamini D nao hupunguza. Vyote viwili anavyo. Jambo la kuangalia zaidi ni karatasi za zamani: kama aliwahi kupimwa kalsiamu akiwa na miaka 30, mathalani wakati wa uzazi, na ilikuwa 2.3, habari ya kurithi imekwisha.

#15 Mkufunzi_Uuguzi
Na kama ilikuwa 2.8?

#16 Dkt_Mkomani
Basi nitakaa kimya na kisu kitasubiri.

#17 BintiMatondoni
Samahani naingilia. Jua la Lamu hili, digrii mbili tu kusini mwa ikweta, mtu anapungukiwaje vitamini D hadi 14?

#18 Mkufunzi_Uuguzi
Dada, jua liwe kali namna gani, linatakiwa liguse ngozi. Ukiwa na buibui na ninja, na vichochoro vya mji vina kivuli kutwa, kinachobaki ni viganja na macho. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi. Dirisha la kioo halisaidii, miale inayotengeneza vitamini D haipiti. Nyumba zetu zina kiwanda, yaani ua wa ndani, au dari la juu lisiloonekana na majirani: mikono hadi juu ya viwiko na miguu hadi magotini, baina ya saa nne na saa nane mchana, mara tatu nne kwa wiki. Ziada ya hapo ni samaki wa mafuta na kidonge cha IU 800 hadi 2000 kwa siku.

#19 Kipungani_Pwani
Wazee walikuwa na sifa, mafuta ya ini la papa. Yanapakwa majahazi na mtu akinywa kijiko anapata nguvu.

#20 Mfamasia_Malindi
@Kipungani_Pwani sifa ya kupaka jahazi imechacha juani, haifai kinywani. Na ini la papa lina vitamini A nyingi sana. Ikizidi, nayo hupandisha kalsiamu na kuharibu ini la mtu. Kwa mama mwenye 2.89 hiyo ni mafuta ndani ya moto. Ibaki kwenye mbao, bwana nahodha.

#21 Mama_Ngomeni
Naomba tugeuze upande. Mtu aliyetolewa rovu shingoni, siku ya pili midomo inaingia ganzi, vidole vinajikunja vyenyewe, nyumbani wanasema kapandwa na jini. Hizo si tezi hizi hizi?

#22 Dkt_Mkomani
Ndizo. Katika operesheni ya thairoidi, tezi hizi huweza kukatwa pamoja nayo au kukatiwa damu yake. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upungufu wa PTH kwa watu wazima. Kalsiamu huanza kuanguka baada ya saa 24, chini kabisa ni siku ya pili hadi ya nne, yaani mara nyingi mtu amekwisharuhusiwa na yuko njiani Garsen.

Dalili kwa mpangilio wake: ganzi ya kuzunguka midomo, ncha za vidole, kisha misuli ya mashavu ya miguu na mikono kukakamaa, kidole gumba kinaingia ndani ya kiganja na vidole vingine vimenyooka pamoja. Baadaye koo linabana, sauti inakuwa ya kukwaruza, degedege. Funga kitambaa cha presha mkononi, kipandishe 20 juu ya presha yake ya juu, kiache dakika tatu. Mkono ukijikunja hivyo, kalsiamu iko chini mpaka ithibitishwe vingine. Kumsomea ndugu yenu dua hakumdhuru, ila asomewe akiwa ndani ya gari la kwenda hospitali.

#23 Mkufunzi_Uuguzi
Kwa walioko zamu: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, ml 10 hadi 20, ndani ya ml 50 hadi 100 za dekstrosi ya asilimia 5, ipite kwa dakika 10, moyo ukiwa kwenye mashine. Usisukume haraka, moyo unaweza kusimama. Mshipa uwe mkubwa na sindano iwe ndani kweli, maana ikivuja nje nyama inaoza. Usichanganye na seftriaksoni wala baikaboneti kwenye mrija mmoja, inaganda. Ml 10 zina mg 93 tu za kalsiamu, kwa hiyo athari yake ni ya saa chache; anza matone ya kuendelea na vidonge mara moja.

Na pima magnesiamu. Ikiwa chini, tezi hazitoi PTH na mwili hauisikii, utamwaga kalsiamu usiku kucha bila faida. Omeprazoli ya miaka mingi na kuhara kwa muda mrefu hufanya hivyo bila operesheni yoyote.

#24 Mfamasia_Malindi
Vidonge vya nyumbani: kalsiamu kaboneti ya mg 1250 ina mg 500 za kalsiamu halisi, inahitaji asidi ya tumbo, hivyo imezwe na chakula. Anayemeza omeprazoli apewe sitreti. Kalsitrioli mikrogramu 0.25 hadi 0.5 mara mbili kwa siku, kwa sababu bila PTH figo haiwashi vitamini D ya kawaida vizuri. Levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, ikae mbali na kalsiamu saa nne, la sivyo haifyonzwi. Lengo ni kalsiamu iwe sehemu ya chini ya kiwango cha kawaida, au pungufu yake kidogo tu. Ukiilazimisha ipande katikati, figo bila PTH inamwaga yote mkojoni na mnaanza mawe upya. Baada ya miezi 6 hali ikiwa vile vile, huo ni ugonjwa wa kudumu.

#25 Dkt_Mkomani
Siku hizi tunasubiri miezi 12 kabla ya kuita wa kudumu. Tezi zilizopondwa huamka polepole.

#26 BintiMatondoni
Na Ramadhani?

#27 Mfamasia_Malindi
Dozi zinagawanywa daku, futari na kabla ya kulala, lakini kwa aliyetulia tu. Kalsitrioli haidumu mwilini, alasiri ndipo ganzi huanza. Midomo ikianza kuwasha saa tisa mchana, afungue. Aliyefanyiwa operesheni mwaka huo, au aliyewahi kupata degedege, ana ruhusa ya kutofunga na aitumie.

#28 Kijana_Watamu
Hizi tezi nilisoma ziligunduliwa 1925?

#29 Mkufunzi_Uuguzi
1880, Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari Uppsala, Uswidi. Kabla yake Richard Owen alikuwa ameiona kwa kifaru aliyekufa London. 1925 ni Felix Mandl wa Vienna, wa kwanza kumtoa mgonjwa adenoma. Alipona kisha ugonjwa ukarudi.

#30 Mama_Ngomeni
Na wa kusafishwa damu? Wanakuna mwili usiku kucha na mifupa inauma.

#31 Dkt_Mkomani
Njia nyingine, homoni ile ile. Figo imeshindwa kutoa fosfeti na kuwasha vitamini D, tezi zinakimbizana na kalsiamu inayoshuka mpaka zinakua zote nne. Kwao PTH hatuilazimishi iwe ya kawaida, tunavumilia mara 2 hadi 9 ya mpaka wa juu. Dawa ya kushika fosfeti imezwe katikati ya kula. Ukimeza saa mbili baadaye umemeza bure. Soda nyeusi na dagaa wa kula na mifupa vipunguzwe. Zikikua muda mrefu sana huanza kufanya kazi bila kusikia amri, kalsiamu ikapanda, na hapo tunarudi kwenye kisu.

#32 Msaidizi_Langoni
Turudi kwa mama yetu. Ultrasaundi ya shingo haikuona kitu. Je, tezi imefutika kwenye hoja?

#33 Dkt_Mkomani
Haijafutika. Picha hutafuta mahali, haithibitishi ugonjwa. Ugonjwa umethibitishwa au kukanushwa na damu na mkojo. Tezi za chini hushuka pamoja na thaimasi, tezi ya kifuani, mtoto akiwa tumboni, kwa hiyo nyingine hukaa kifuani nyuma ya mfupa, ambako ultrasaundi haifiki. Hapo ndipo skani ya sestamibi, ya dawa yenye mionzi, inapofaa.

Ikithibitika, sababu za kumpeleka kwenye operesheni anazo tayari: kalsiamu zaidi ya 0.25 juu ya mpaka, na mawe. Uchujaji wa figo kwa kreatinini hiyo ni takriban 60, uko mpakani. Apimwe unene wa mifupa, pamoja na kigasha, maana ugonjwa huu hula mfupa mgumu wa kigasha mapema. Daktari wa upasuaji awe mzoefu wa tezi hizi, na kama hospitali ina kipimo cha haraka, PTH ipimwe akiwa bado chumba cha upasuaji: ikianguka nusu au zaidi dakika 10 baada ya kutoa, kazi imekamilika. Baada ya hapo mifupa yenye njaa hunyonya kalsiamu yote, na ataingia kwenye #22 yeye mwenyewe. Vitamini D yake ijazwe kabla, IU 1000 kwa siku, kalsiamu ipimwe baada ya wiki mbili.

#34 Mfamasia_Malindi
Hapo kwenye vitamini D nakataa. Kwa 2.89 mimi ningetoa thiazaidi na vidonge vya kiungulia kwanza, nipime, ndipo nijaze. Na wale wanaotoa 50,000 kwa wiki wasimguse. Kalsiamu yake ikifika 3.5 atachanganyikiwa, atatapika, atalala usingizi usioamshika, na itabidi apewe maji ya chumvi kwa mshipa lita baada ya lita na asidi ya zoledroniki. Usiku, boti hakuna, mtampeleka wapi?

#35 Dkt_Mkomani
IU 1000 haijazi hata kisima kidogo, mwenzangu. Upungufu wenyewe unaichochea tezi na kuudanganya mkojo. Ukisubiri, utapima tena mkojo usiosema kitu.

#36 Ukwaju_Shela
Nyote mmetoa dawa na vidonge, tambuu hakuna aliyeitoa. Mkirudia vipimo na chokaa iko shavuni, mtakuwa mmepima nini? Aache vyote, wiki nne, baikaboneti iongezwe kwenye orodha.

#37 Msaidizi_Langoni
Amlodipini ameanza leo. Vidonge vya kiungulia amevitoa. Maji lita mbili na nusu kwa siku amekubali. Tambuu anasema atapunguza, hakusema ataacha. Binti yake na mdogo wake wa kiume watatoa damu Jumatatu, chupa nyekundu kwanza.

#38 FundiMaabara
Mkojo wa pili aandikiwe saa ya kuanza juu ya chombo chenyewe, si kwenye karatasi. Na damu ya kalsiamu na kreatinini itolewe siku ile ile chombo kinapofika, vinginevyo ile hesabu ya #13 haitakuwa na maana.